Firigisi Aliyokula Kocha

Sakafu haipanguswi palipo pakavu. Hilo ndilo fundisho la kwanza nililopewa katika kazi niliyoifanya mpaka magoti yakanikataza, na ndilo pekee la kazi ile ambalo sijawahi kulitilia shaka. Ukipitisha dekio lenye unyevu mahali pasipo na jasho, umeleta utelezi ambao haukuwapo. Mtu atakuja mbio, na kuanguka kwake kutakuwa kwa mkono wako.

Nilikuwa mtu wa stoo ya vifaa katika chuo kimoja kati ya Dallas na Fort Worth. Jina lake naliacha, maana wapo watu wema waliobaki pale. Tulifua jezi, tukapanga viatu, tukajaza maji kwenye chupa, na siku za mechi za mpira wa kikapu mimi niliketi sakafuni nyuma ya ringi, dekio mapajani. Mchezaji akianguka, refa ananyoosha kidole. Unakimbia, unafuta, unatoka. Ukifanya vizuri hakuna aliyekuona. Ukifanya vibaya ukumbi mzima unakujua.

Aliyenifundisha ni Curtis, mzee mweusi wa Fort Worth aliyeikalia stoo ile tangu enzi za kaptura fupi. Curtis alikuwa na elimu yake ya jasho. Wafupi, alisema, hudondosha wakikimbia, na jasho lao hutawanyika bila kumdhuru mtu. Kazi yetu ni wale warefu wanaocheza chini ya ringi, masenta. Wao husukumana na kuegemeana migongo mpaka mmoja aanguke chali, na akiinuka anaacha umbo lake zima pale chini kama shati lililolowa. Taulo kavu kwanza, dekio baadaye, na mwisho unaburuta soli ya kiatu chako mahali pale. Soli ikilia kama panya, pamekauka, ondoka. Ikinyamaza, rudia.

Nilipoanza nilizifua taulo zote kwa ile dawa ya kulainisha nguo. Nilitaka vijana wajifute kwa kitu chenye harufu nzuri. Curtis alichukua moja, akainusa, akaimwagia maji kidogo. Maji yakateleza juu yake, yakaangukia viatu vyake.

"Nani kafua hizi?"

"Mimi."

"Zinanukia kama bibi harusi, na hazinywi hata tone. Unataka kumuua senta wangu?"

Tukazifua upya zote, yeye akiwa ameketi juu ya kapu la nguo chafu, akinisimulia habari za watu walioanguka kwa sababu ya wajinga kama mimi. Kazi niliijua baadaye, na niliipenda. Uchungu nitakaowaeleza hautokani nayo.

Ninyi mliorefuka mapema, ambao wazazi wenu wameanza kuwapima kwa macho kila mkipita mlangoni, mnakuja kuniuliza habari za Elia. Mnaniuliza kama ni kweli aliwahi kuitwa na chuo cha Houston akakataa. Mnauliza kwa adabu, lakini naona mnavyotazamana. Basi nitawaeleza mwenyewe, msiokoteze habari kwenye maegesho ya kanisa.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa wazazi waliokufa mapema. Niliacha shule darasa la sita, huko Musoma, nikafyatua matofali ili wadogo zangu wavae sare. Wa mwisho wetu ni Yona. Yona alisoma, akaja Texas, akaendesha malori makubwa, na alipopata uwezo akanivuta nije. Aliniambia, "Kaka, umechoka kwa ajili yetu, njoo upumzike." Nikaja, na sikupumzika, kwa sababu sijui kupumzika kunafanywaje. Elia ni mtoto wa Yona. Kwetu mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu, naye aliniita Baba Mkubwa tangu alipojua kusema, ingawa mengine yote alinijibu kwa Kiingereza. Mimi nilisema Kiswahili, yeye Kiingereza, na tulielewana vizuri kuliko watu wengi wanaotumia lugha moja.

Alirefuka mpaka mama yake akamshonea mapazia kuwa shuka, maana shuka za dukani zilimwacha miguu nje. Alipochukuliwa na chuo nilichofanyia kazi nilifurahi kupita kiasi. Nilimpa viatu kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini mbele yake walikuwapo warefu watatu wa madarasa ya juu, na hao watatu walikuwa ukuta. Mmoja alifunga magoti bandeji kama mtu aliyepigwa risasi, mwingine aliimba akirusha penalti, na wa tatu hakusema lolote bali alikuwa na viwiko ambavyo Curtis aliviita sheria. Elia alikaa benchi, akangoja. Hakulalamika, na mimi nikamsifu kwa kutolalamika.

Mwaka 2018 watatu wale walimaliza masomo. Chini ya ringi wakabaki Elia na kijana mmoja mwenye mgongo mbovu. Kocha hakuwa na akiba. Timu yenye wafupi watupu ni kama nyumba yenye madirisha bila paa, na kila mtu aliyeijua timu ile alikuwa akiuliza swali moja: warefu watatoka wapi?

Ndipo kocha alipokuja mwenyewe kwa Yona, mjini Euless, katika zile nyumba za kupanga ambazo ndege zikipita glasi zinagongana kabatini. Mama Elia alipika kuku na ugali. Sasa sikilizeni vizuri, maana kisa chote kimelala hapa.

Kwetu firigisi ni ya mkubwa wa nyumba. Ni kipande kimoja, hakigawanywi. Siku alipozikwa baba, bibi yetu aliiweka kwenye sahani yangu. Nilikuwa mtoto bado. Niliitazama, nikalia, kwa sababu nilielewa ninaambiwa nini. Tangu siku ile nimeila mimi, hata nyumbani kwa Yona, hata alipokuwa na uwezo na mimi sina. Mgeni akipewa firigisi amepewa kiti cha mkubwa, na neno atakalolisema akiwa bado na mafuta mdomoni ni neno la mwenye nyumba. Halirudi.

Niliichukua kwenye sahani yangu, nikaiweka kwenye sahani ya kocha.

Yona alinitazama. Mama Elia aliacha kumimina juisi. Kocha akaichukua kwa vidole, akaitafuna, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Tamu," akasema. "Ingekuwa na pilipili kidogo ingekuwa balaa." Kisha akajifuta mdomo, akamgeukia Elia. "Wale watatu wamekwenda. Msimu ujao chini ya ringi ni pako, jitu. Nakuhitaji."

Elia aliangalia sahani yake. "Yes, sir," akasema.

Kocha alipoondoka, Yona alinisindikiza mpaka kwenye gari langu.

"Kaka, usiliweke moyoni sana lile neno," akasema. "Hawa watu husema hivyo kama sisi tunavyosema karibu chakula kwa mtu anayepita."

"Sisi tukisema karibu tunamaanisha."

"Tunamaanisha, lakini yule mpita njia akiketi kweli, mama anatoroka kwa mlango wa nyuma kwenda kukopa unga."

Nilicheka. Yona ana mdomo huo tangu utoto. Lakini nilimwambia kwamba mtu akishakula firigisi si mpita njia tena.

Haukupita muda, chuo kidogo cha Houston kikapiga simu. Kocha wao aliongea na Yona kwa muda mrefu. Hawakuwa na jina kubwa, ila nafasi ya senta ilikuwa wazi, na Elia angeanza tangu mechi ya kwanza. Tuna watu wetu Alief, mtaa wa huko huko Houston. Angekula ugali kila Jumapili na kusali pamoja nao. Tukaketi kikao, sisi wanaume watatu na Mama Elia.

"Naona kama nataka kwenda, Baba Mkubwa," Elia akasema kwa Kiingereza chake.

"Mtu amekula nyumbani kwetu," nikamjibu. "Tumekubaliana naye."

"Alikula kuku tu."

"Alikula firigisi."

Elia akamgeukia baba yake amweleze. Yona alijua kueleza. Ana Kiingereza cha kutosha kumweleza jaji. Akatazama mikono yake, kwa sababu mbele yangu Yona hajawahi kusema la pili nikishasema la kwanza. Mambo yakaishia hapo. Houston wakaambiwa hapana, kwa heshima zote, na wakampata mtu mwingine.

Kiangazi kile nilifanya kazi mbili. Mchana stoo, jioni nikiwa na Elia ukumbini, nimeshika lile godoro dogo la kumsukumia mchezaji anaporuka. Mzee wa umri wangu kusukumana na jitu lile ni kichekesho, na Curtis aliketi kwenye viti akicheka.

"Msukume kwa kiuno, si kwa mikono," alinipigia kelele. "Unamsukuma kama unaomba radhi."

Nikajifunza kumsukuma kwa kiuno. Elia akajifunza kurusha kwa mkono wa kushoto, kukaa imara, kuomba pasi kwa sauti. Aliacha umbo lake sakafuni kila jioni, nami nikalifuta nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena katika kazi.

Habari nilizipata kwa viatu. Mwezi wa nane yaliletwa maboksi ya msimu mpya, na ndani yake mlikuwa na jozi kubwa kuliko mguu wa Elia. Nikadhani duka limekosea. Boksi lililofuata, hivyo hivyo, saizi nyingine. Nilikaa sakafuni na vile viatu kama mtu aliyekuta viatu vya mgeni mlangoni kwake. Vijana, chuo kikikuita usiwaulize makocha wanakupenda kiasi gani. Muulize mtu wa stoo ni viatu vya nani vilivyo njiani.

Wenyewe walifika wiki ile. Wanaume wawili wenye ndevu, wamehitimu shahada kwingine na wamebakiza msimu mmoja wa kucheza. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja aliniamkia kila asubuhi na kukunja taulo zake mwenyewe. Nilimsubiri kocha mlangoni pa stoo.

"Kocha, ulisema nafasi ni ya Elia."

"Nilisema namhitaji. Bado namhitaji." Alikuwa akitafuta filimbi yake kwenye mifuko. "Huwezi kuingia msimu na mrefu mmoja, mzee. Akivunjika je? Lazima niwe na akiba."

"Na akiba ni nani?"

Akanipiga bega, kwa upole. "Elia ni kijana mzuri sana. Mnamlea vizuri."

Filimbi ilikuwa shingoni mwake. Nikamwonyesha, akashukuru, akaenda.

Msimu ule mimi niliingia uwanjani mara nyingi kuliko Elia. Huo ndio utani uliokuwa ukisemwa kwenye basi, na aliyeuanzisha ni Elia mwenyewe. Wenye ndevu walisukumana, wakaanguka, nikatoka na dekio langu. Nikirudi nampita kwenye benchi, suruali ya mazoezi bado mguuni, anapiga makofi. Alipiga makofi vizuri. Kocha alimsifu kwa hilo mbele ya wenzake.

Nimwite kocha mwongo? Nilimwita hivyo moyoni kwa miezi, na ningemwita hivyo mpaka leo kama isingekuwa safari moja ya Houston, mwanzoni mwa 2019. Tulikuwa kwenye barabara kuu ya kusini, katikati ya njia, basi likasimama kituo cha mafuta. Mle ndani palikuwa na kabati la vioo lenye taa, lile la vyakula vya kukaanga. Kocha alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Akaagiza, akapewa boksi la karatasi lililojaa mafuta, tukatoka nje pamoja. Akaegemea basi, akafungua.

Zilikuwa firigisi. Boksi zima, zimepakwa unga na kukaangwa kama sambusa, zimerundikana juu ya viazi. Alikula akiongea na dereva habari za tairi. Kisha akanisogezea.

"Chukua, mzee. Si unazipenda hizi?"

"Sina njaa."

Akala nyingine mbili, akaangalia saa, akatupa boksi kwenye pipa likiwa nusu. Curtis naye alikuwa na lake, anatafuna taratibu.

"Hizi ziko kila kituo?" nikamuuliza.

"Kila kituo cha Texas. Nimekulia hizi. Ni chakula cha njiani, kama huna pesa ya kuku mwenyewe." Akanitazama. "Vipi wewe? Umeona mzimu?"

Nikapanda basi. Miezi yote ile nilimhesabu kocha kuwa mtu aliyevunja neno. Pale kituoni nikaona kwamba hakuwa na neno la kuvunja. Ile jioni ya Euless alikuwa amekula, basi. Nilimpa kiti cha baba yangu, naye akaona kinahitaji pilipili.

Elia alikuwa dirishani, ameona yote.

"Ndizo zile?" akaniuliza.

"Ndizo."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akajifunika koti usoni, na koti likaendelea kutikisika muda mrefu. Sikuuliza kama bado anacheka. Tulipofika Houston tulipita karibu na barabara za Alief, na hakuna kati yetu aliyezitaja.

Wapo watakaosema nilikosea. Mama Elia hasemi, lakini hufunga milango kwa namna ya kusema. Mimi sitawaomba radhi ninyi wala yeye. Nilishika neno kama nilivyolelewa kulishika, na kama ningekuwa mtu wa kuacha neno likipata upinzani, Yona asingesoma, na Elia asingezaliwa Texas. Shida ni kwamba uimara wangu ulikuwa wangu, na aliyekaa benchi alikuwa mwingine. Hili nalijua. Kulijua hakujanisaidia kitu.

Wenye ndevu wakaondoka, na safari hii kocha hakuja Euless. Alileta mtoto wa mwaka wa kwanza ambaye ilibidi ainame kuingia stooni, na kulikuwa na mwingine wa kumsaidia. Elia akawa wa mwaka wa mwisho, mkubwa kuliko wote wanaokaa benchi. Curtis alistaafu. Nikaachiwa stoo na kijiti cha dekio chenye alama za vidole vyake.

Leo Elia anakaa Alief. Anafanya kazi hospitali, kwenye mashine za picha, na mpira haugusi hata watoto wa kanisani wakimrushia. Anakuja sikukuu. Siku hizi Mama Elia huikatakata firigisi vipande vidogo sana, anaichanganya na mchuzi, kila mtu anaila bila kujua. Hakuniuliza. Sikumkataza.

Limebaki moja, nalo ndilo ambalo hamniulizi, kwa kuwa hakuna aliyeliona.

Vyuo vya huku vina desturi. Mechi ya mwisho ya nyumbani, wale wa mwaka wa mwisho huingia uwanjani na wazazi wao, mama anapewa maua, watu wanapiga makofi. Kisha wanapewa heshima ya kuanza mchezo, hata yule ambaye hajawahi kuanza. Ilikuwa mwaka 2020, karibu na mwisho wa msimu, kabla ugonjwa haujafunga kumbi zote. Yona alivaa suti. Alikuja mpaka nyuma ya ringi kunifuata.

"Kaka, inuka tuingie naye. Wewe ndiye wa mbele."

"Niko kazini," nikasema. "Nenda wewe. Wewe ndiye baba."

Sijawahi kumwambia hivyo maishani mwangu. Alisimama kidogo kama aliyesikia vibaya, kisha akaenda. Waliingia watatu, Elia katikati, maua yakionekana madogo kama mchicha.

Mpira ukarushwa. Elia aliushika mara moja, akatoa pasi. Upande wa pili akasukumana na mchezaji wa timu ngeni, akakaa imara kama nilivyomfundisha, kwa kiuno. Mpira ukagonga ringi ukadunda, wakaruka wote, na Elia akaanguka chali mbele yangu kabisa. Filimbi. Akainuka. Refa akanyoosha kidole kwenye sakafu.

Nikakimbia na taulo na dekio. Nikapiga goti, nikatazama, na palikuwa pakavu. Hapakuwa na umbo, hata la bega. Hakuwa amecheza muda wa kutosha kutoa jasho. Nikaburuta soli ya kiatu. Ikalia kama panya.

Pembeni, mezani, yule mtoto mrefu wa mwaka wa kwanza alikuwa ameshavua suruali ya mazoezi, amechuchumaa, anangoja kuitwa achukue nafasi ya Elia. Refa alikuwa amemwinulia mkono asubiri mpaka nitoke.

Basi nikaweka dekio chini, nikaanza kufuta. Kuanzia kona, polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayedeki nyumba yake siku ya Pasaka. Elia alikuwa amesimama juu yangu, mikono kiunoni, akisubiri. Ukumbi ulikuwa umetulia. Kisha akainama, akaniambia kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwahi kunijibia.

"Baba Mkubwa, hapa pakavu."

"Najua," nikamwambia, nikarudia.